Bi Zeyana, Santuri Zake na Kaseti ya Hamoud

Shangazi yangu, Bi Zeyana binti Soud, alipiga santuri kwenye harusi za Tabora na vijiji vyake kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakucheza hata wimbo mmoja. Watu walidhani ni uchaji Mungu. Uongo mtupu! Shangazi alitamani kucheza mpaka nyayo zikamwasha, ila gramafoni haikumpa nafasi. Ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na kila wimbo ni dakika tatu tu. Zungusha mpini, badili sindano, futa sahani, iweke, na kabla hujakaa sawasawa wimbo umekwisha, watu wamesimama katikati ya uwanja wanakukodolea macho. Na mtu mwingine kuzigusa zile santuri? Thubutu! Mimi mwenyewe, Thuraya, niliyelelewa naye tangu nanyonya, niliruhusiwa kubeba sanduku tu, tena kwa mikono miwili.

Basi mwaka ule wa operesheni ya vijiji, Hamoud, mtoto wa mama yake mdogo, alirudi kutoka Dar es Salaam na redio kaseti. Hamoud alikuwa mtu wa biashara. Kwake hata salamu ilikuwa na faida.

"Dada Zeyana, hii unabonyeza tu," alisema. "Nusu saa nzima inaimba yenyewe, wewe umetulia na kahawa yako."

"Nusu saa?" Shangazi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kama ya msichana anayechumbiwa.

"Huo upande mmoja. Ukigeuza, nusu saa nyingine."

Alitaka wabadilishane: redio kaseti kwa santuri zote sitini, maana huko Dar kulikuwa na mtu anayekusanya nyimbo za zamani. Yeye angepanda treni Jumatatu jioni, kwa hiyo jibu alilitaka kabla ya hapo. Kwa sasa Shangazi aichukue, akaijaribu kwenye harusi ya Jumamosi kule Usoke. Nyimbo alikuwa amekwisha kuzirekodi mwenyewe kutoka redioni.

Wiki ile Shangazi alikuwa hasemezeki. Mara azipange santuri na kuzibusu moja moja, mara abonyeze kaseti, afunge mlango, nami nisikie miguu ikitembea chumbani kwa mpangilio usio wa mtu anayetafuta kiatu. Nikamwambia mshika mbili moja humponyoka. Akaniambia nibebe vyote viwili na methali niiache nyumbani.

Usoke tulipokewa na Masolwa, mkulima wa tumbaku, baba yake Pelagia bibi harusi. Wageni walikuwa wamejaa, kuanzia mwenyekiti wa kijiji hadi Mzee Luhende, mjomba wa bibi harusi, aliyekuja kutoka Choma na ambaye tayari alikuwa kwenye sahani ya tatu ya wali. Shangazi akaiweka redio kaseti juu ya meza, akavuta pumzi, akabonyeza.

Ikaimba. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine bila mtu kugusa kitu. Watu wakapiga vigelegele. Shangazi akaiangalia mikono yake, haina kazi, akaangalia uwanja, akajifunga kanga kiunoni na kuingia.

Jamani, nilimpenda shangazi yangu siku ile! Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, na mabega yake yanacheka. Alicheza na mabibi, alicheza na Pelagia, alicheza na mtoto wa mtu mgongoni. Nikajua santuri zimekwisha kuuzwa. Nikafurahi, na papo hapo nikataka kulia.

Wimbo wa sita ukakatika katikati. Ikaja sauti nzito ya mtangazaji: kinatangazwa kwa masikitiko kifo cha Mzee Luhende wa Choma, kilichotokea jana, na habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo.

Hamoud, Mungu amsamehe, aliiacha mashine ikirekodi akaenda kula.

Sasa, kwetu matangazo ya vifo yakisomwa hakuna anayetafuna. Uwanja mzima uliketi chini. Wanawake wakavua vilemba, bibi mmoja akamlilia mama yake, "Mayo!", kwa sauti iliyowarusha kuku. Halafu, polepole, macho yote yakamgeukia Mzee Luhende, aliyekuwa ameshika mfupa wa mbuzi mdomoni.

"Mimi ni mzima!" alisema.

"Shemeji, imesema redio," Masolwa alimjibu kwa huzuni.

"Choma tuko kina Luhende wengi! Ni mwingine huyo!"

Hapo ndipo aliposimama Chilongani, Mgogo wa reli. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Alivua kofia, akamshika Luhende mguu. "Marehemu, usitusumbue. Redio ya serikali haisemi uongo. Lala tukuzike kabla ya jua kuwa kali, na mbuzi wangu wa kuchimba kaburi nimpate leo leo."

Watoto walicheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Alisema awe Luhende huyu au mwingine, aliyekufa ni mtu wa Choma, na nusu ya wageni wana ndugu Choma. "Ndugu wananchi, harusi imesimama." Pelagia akaanza kulia kilio cha kweli.

Shangazi alitoka mbio uwanjani. "Si leo! Hii ni kaseti, imerekodiwa! Imesomwa zamani hiyo!" Nani amsikilize? Kwa macho ya watu ile ilikuwa redio. Basi akaurudisha mkanda nyuma, akabonyeza tena. Mzee Luhende wa Choma akafa mara ya pili.

"Wamemuua tena!" bibi yule alipiga yowe.

"Mbuzi wawili!" Chilongani alidai.

Shangazi akaurudisha tena. Alipokufa mara ya tatu, kwa maneno yale yale na kikohozi kile kile cha mtangazaji, mwenyekiti alishika tumbo, akacheka mpaka miwani ikaanguka. Harusi ikafufuka. Lakini akatoa amri: "Hicho chombo kisifunguliwe tena hapa. Mimi nina maadui, kisije kikanisoma na mimi. Bi Zeyana, tupe santuri."

Shangazi alifungua sanduku taratibu. Watu walikuwa wakimshangilia, na yeye machozi yalikuwa yakimlengalenga. Alizungusha mpini, akaweka sahani, akasimama pale pale alipozoea kusimama miaka ishirini na miwili. Kanga bado ilikuwa kiunoni.

Mzee Luhende akajikongoja mpaka mezani, akijifuta mafuta mikononi kwa shati.

"Shikamoo, mzee," Shangazi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekufa mara tatu leo, kazi sina. Nionyeshe huo mpini unazungushwaje."

Nilifumba macho kabisa. Nilipofumbua, Shangazi alikuwa akimwekea sindano kati ya vidole, vile vidole vinene vya kushikia ng'ombe. Kisha akageuka, akaenda uwanjani.

Jumatatu Hamoud alikuja na magunia ya kupakia santuri. Shangazi alimkabidhi redio kaseti yake ikiwa imefutwa vumbi, akamkaribisha kahawa, akaweka wimbo. Santuri ikaimba kidogo, ikaruka. Ikaimba, ikaruka tena.

Hamoud alishtuka. "Dada! Sahani hii mimi hukuniruhusu hata kuipulizia. Nani kaichubua hivi?"

"Sijui," alisema Shangazi, akimmiminia kahawa. "Nilikuwa nacheza."