Unyoya wa Mawese

Harufu ya mawese yakiungua inaniletea nyanya yangu wa Wamaza, kule Kabambare. Bibi yule alipakaa mawese kila kitu: mutoto muchanga, kidonda, bawaba ya mulango, hata goti lake mwenyewe. Jembe na panga havikulala bila kupakwa, juu mvua za kwetu zinakula chuma. Alichovya unyoya wa kuku katika kibakuli, akapitisha pale chuma kinalia, kikinyamaza anasema, "Ona, kimeshiba." Alikuwa muchoyo wa karanga pia, lakini hiyo ni habari ingine.

Nilipofika miaka kama tisa, Baba alinitoa kwa nyanya, akanileta Kasongo, kwenye atelie yake ya kuunga vyuma. Sudere wake, fundi wa kuunga, alikuwa Yaya Ramazani (yaya kwetu ni kaka mukubwa), kijana wa Kabambare, wa maneno machache, aliyenitengenezea vigari vya waya. Juu ya chupa ya oksijeni kulikuwa detandere, kile kichuma chenye saa mbili za kioo kinachopunguza nguvu ya hewa. Ramazani alikifungua, akakipanguza kwa kitambaa kikavu, kikavu kabisa, akapuliza vumbi, akakifunga. Sababu hakunieleza, na mimi sikuuliza. Nilimuhurumia tu: fundi mukubwa hivi, hajui kupakaa mafuta!

Ijumaa moja alikisafisha, akakiacha ndani ya kitambaa juu ya meza, akaenda musikitini. Nilitaka kumufurahisha. Niliiba mawese ya Mama kidogo, nikaingiza unyoya katika mudomo wa detandere, nikauzungusha, kisha nikapanguza inje mpaka ikang'aa.

Mara Baba akaingia na haraka. Kamio ya muchuuzi mumoja, lori kubwa, ilivunjika chasi, na mwenyewe alikuwa anapiga kelele barabarani. Baba hakungojea Ramazani. Alifunga detandere kwenye chupa, akafungua hewa.

Mulio sikuusikia. Niliona moto mweupe, kisha Baba yuko chini, mukono wa kuume umeiva, jicho moja limefunga. Halikufunguka tena.

Ramazani alikuja mbio pamoja na majirani.

"Muuaji!" Baba akalia. "Ni weye ulisafisha!"

"Muzee, mimi sitiake mafuta humu hata siku moja. Mafuta na hewa hii ni baruti."

"Basi nani? Nyanya yangu?"

Mutu mumoja akasema watu wa Kabambare ni wachawi tu, akasahau kama nusu yetu pale tulitoka huko. Ramazani aliinama, akanusa kile kichuma cheusi. Kisha akatazama vidole vyangu. Vilikuwa vingali vyekundu.

"Mudogo wangu," akasema polepole, "uko na neno?"

Nikatikisa kichwa.

Kwa muda murefu nilijiambia hakuona. Hata nilipokuwa muchimbaji wa zahabu kule Lusangi, na ndevu zangu, nilijiambia vile. Leo mimi ni muzee, sina wa kudanganya: aliona. Angesema tu "ni huyu", jina lake lingebaki safi, na Baba angenipiga na ule mukono uliobaki mpaka watu wanitoe kwake. Aliniachia neno nilitoe mwenyewe, nikalimeza.

Ramazani alimusaidia Mama kumulaza Baba juu ya mukeka, akamufunika shuka. Akatoka katikati ya watu, peku, maana viatu vyake vilikuwa vingali musikitini. Akashika njia ya Kabambare. Nilingojea ageuke. Hakugeuka, na Kasongo hakurudia tena.