Niliyemkaba Shingo Bwawani

Mkinicheka sitakasirika. Mume wangu Kamau alipendekeza tupande boti mtoni kusherehekea miaka kumi ya ndoa. Mimi naogopa maji kuliko nyoka, lakini nilimwona amefurahi, nikanyamaza. Wiki nzima sikutulia. Leo najiambia nitaenda, kesho najiambia siendi. Mwishowe nikamdanganya naenda kumwona dada yangu anayeishi Kimbo, kumbe naenda kujifunza kuogelea kwenye bwawa moja hapa Thika.

Mwalimu aliponiachilia mkono tu, nikateleza, nikameza maji. Nikamrukia mwanamume aliyekuwa amenipa mgongo, nikamkaba shingo.

"Uuwi, nakufa! Waambieni watoto wangu nawapenda!"

"Mama, simama tu," mwalimu akasema. "Hayo maji ni ya kiuno."

Nikasimama. Bwawa zima lilikuwa linacheka. Nikamgeukia yule mwanamume nimwombe msamaha, nikamkuta amevaa maboya ya watoto mikononi, ameng'ang'ania ukingo, anatetemeka kunishinda.

Alikuwa Kamau, aliyeniaga asubuhi kwamba anaenda kazini Juja.

"Mama Njeri," akanong'ona, "kumbe hata wewe unaogopa?"