Bawa la Sita

Hakuna pampu aliyoifunga kabla hajakiona kwa macho kila kipande kilichovunjika ndani yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya fundi huyu wa injini za boti, na kwa sababu yake watu wa gatini walimbandika jina la Bado. Ukimuuliza, "Fundi, tayari?" atakujibu, "Bado," bila kuinua kichwa. Ukaenda kunywa chai ukarudi, ni bado. Wapo walioapa kwamba hawatampelekea kazi tena, na wapo walioapa kwamba hawatampelekea mtu mwingine. Mara nyingi walikuwa watu wale wale.

Sheria yenyewe hakufundishwa na fundi mwenzake. Mama yake alikuwa mshonaji aliyelea watoto watatu katika chumba kimoja. Sindano ikidondoka, hakuna aliyeruhusiwa kuinua mguu mpaka ipatikane. Chungu kiungue, mgeni agonge mlango achoke, mama atasema tu, "Sindano haipotei. Inamngoja mtu." Kaka mkubwa na dada walikuwa wakikonyezana na kucheka. Kitinda mimba, ndiye fundi huyu, peke yake ndiye aliyepiga magoti na kutafuta.

Siku yenyewe ilianza kwa simu ya dada yao, aliyekuwa akimuuguza mama ng'ambo ya maji.

"Njooni," alisema. "Ameanza kuwataja mmoja mmoja. Njooni leo, msiniambie kesho."

"Tumesikia, dada."

Fundi akatia simu mfukoni, akaosha kikombe alichonywea chai, akakifuta, halafu akakiosha tena. Alingoja moyo umuume. Haukumuuma. Alijiona kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, lakini ukiubana hausikii.

Kaka yake alikuwa nahodha wa boti yake mwenyewe ya abiria, na siku hiyo ilikuwa zamu yake. Boti nyingine zilikuwa zimeshaondoka na watu wa soko. Wakapakia upesi: abiria wachache, na mwanamke mmoja mfanyabiashara na magunia yake ya vitunguu. Fundi akaketi karibu na injini, mfuko wa vifaa miguuni.

Hawakufika mbali. Kengele ya joto ikalia, na bomba la nyuma, ambalo siku zote hutema maji, likaanza kutoa moshi mkavu. Nahodha akazima injini, wakarudi gatini kwa kupiga kasia.

Kosa lilionekana mara moja. Mfuko wa plastiki ulikuwa umeziba tundu la kuvutia maji chini ya boti, pampu ikazunguka kavu. Ndani ya pampu hiyo kuna impela, kigurudumu cha mpira chenye mabawa sita, kinachovuta maji ya nje na kuyasukuma ndani ya injini isichemke. Mpira ule bila maji haudumu. Fundi akautoa mfuko, akafunga koki ya kuingizia maji, akafungua skrubu za kifuniko, akaing'oa impela kwa koleo. Mabawa matatu yalikuwa yamebaki mahali pake. Mawili aliyakuta ndani ya pampu, akayapanga juu ya kitambaa.

La sita halikuwepo.

Impela mpya alikuwa nayo. Akaipaka sabuni, akaibonyeza ikakaa. Kaka yake akashusha pumzi.

"Haya, funga twende."

"Bado."

"Bado nini? Si umeshaweka mpya?"

"Bawa moja limeingia ndani, kaka. Limefuata maji."

"Liache lifuate! Washa, tuone kama maji yatatoka."

Fundi akafunga kifuniko kwa skrubu mbili tu, akafungua koki, akawasha. Maji yakatoka bomba la nyuma. Hayakuwa mengi kama kawaida, lakini yalitoka.

"Si hayo!" Nahodha akapiga kiganja ubaoni. "Maji hayo! Unataka yatoke na sukari?"

Abiria wakacheka. Mwanamke wa vitunguu akadakia, "Fundi Bado, siku Mungu akikuita utamwambia asubiri ukamilishe?"

Hakujua ndugu hao walikuwa wakienda kwa nani. Fundi akazima injini, akafunga tena koki, akachukua bisibisi na kuanza kulegeza bomba la mpira la kwanza.

"Mdogo wangu." Kaka yake aliinama mpaka midomo ikakaribia sikio lake. "Mama anatungoja."

"Najua."

"Unajua, halafu unafungua mabomba?"

"Kipande hakikai mahali pamoja. Tukifika kwenye mkondo wenye mawe kikaziba, injini inazima, na hatuko wawili humu."

"Kinaweza kukaa humo mwaka mzima kisizibe kitu."

"Kinaweza," fundi alikubali. Kisha akaendelea kulegeza.

Nahodha angeweza kumsukuma kando, maana boti ilikuwa yake na umri ulikuwa wake. Lakini bomba lilikuwa limeshatoka, na hakujua kulirudisha. Akapanda gatini akawa anatembea huku na huko, mikono nyuma, kama mtu anayepima kiwanja.

Bomba la kwanza lilikuwa tupu. La pili pia. Simu ya nahodha ikalia, akaisikiliza, kisha akashuka na kuiweka karibu na uso wa mdogo wake, kwa kuwa mikono ya fundi ilikuwa imejaa grisi. Sauti ya mama ilitoka nyembamba kama uzi.

"Mko wapi, wanangu?"

"Tuko majini, mama," nahodha akawahi kujibu. "Tunakuja."

"Na mdogo wenu?"

Fundi alifungua mdomo. Angeweza kusema uongo ule ule, nao ungemfaa mgonjwa. Akasema, "Nipo gatini, mama. Natafuta kipande."

Halafu mama akasema, "Haya. Tafuta," na simu ikakatika.

Nahodha akamtazama kwa macho ambayo hajawahi kumtazama nayo. "Umemnyima hata hilo," akasema.

Fundi akarudi kwenye bomba la tatu, akiiangalia mikono yake ikifanya kazi kama ya mtu mwingine.

Bawa alilipata kwenye kiwiko cha mwisho cha bomba, kwenye mdomo wa kipoza joto cha injini. Lilikuwa limelala ubavu, limeziba nusu ya njia. Lingeweza kugeuka safarini likaziba yote, lingeweza lisigeuke. Hakuna mtu duniani anayejua, wala hatajua. Alilichomoa kwa ncha ya bisibisi, akaliweka kitambaani kando ya mengine, akarudisha mabomba, akakaza vibano, akafunga skrubu zote za pampu. Injini ilipowaka, maji yaliruka kwa nguvu mpaka mwanamke wa vitunguu akalowa sketi.

"Sasa hayo ndiyo maji!" akapiga kelele, akicheka.

"Tayari," fundi akasema.

Walivuka salama. Kwenye mkondo mawimbi yaliwarusha, lakini injini haikukohoa hata mara moja. Abiria walisinzia. Hivyo ndivyo kazi njema inavyokuwa: watu huilalia usingizi, na hakuna anayeishukuru injini kwa kutozima.

Dada yao alikuwa amesimama ukingoni, mikono kichwani. Hawakuhitaji kuuliza. Nahodha aliruka kabla boti haijafungwa kamba, akamkumbatia, wote wawili wakalia kwa sauti. Fundi alifunga kamba. Akalikagua fundo. Kisha akashuka, akasimama karibu nao, na machozi hayakuja.

"Alisema nini?" hatimaye aliuliza.

"Aliuliza kama umekipata," dada akajibu, akifuta pua. "Sikujua anazungumzia nini. Nikamwambia ndiyo."

Wapo watakaosema alikosea, kwamba mama ni mmoja na mpira ni mpira. Wasafiri waliofika siku ile kwa watoto wao hawakuulizwa. Aliyefuata haki hakuahidiwa malipo, na fundi huyu hakulipwa.

Gatini anaendelea kujibu bado. Boti ya kaka yake bado humjia, kwa sababu hakuna fundi mwingine anayeaminika kama yeye. Hakumwona mama yake akiwa hai, na kaka aliyekuwa akimwita "mdogo wangu" tangu siku hiyo humwita "fundi."