Mwalimu Koni ajiandaa kuvuka mpaka kumwahi mama mdogo

Saa mbili asubuhi, muuguzi wa makamo anazunguka kiwanja cha chuo cha udereva juu ya pikipiki, ameng'ang'ania usukani utadhani kuna mtu anataka kumpokonya. Kando yake anakimbia mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni.

"Tazama unakokwenda, siyo tairi! Tairi haikimbii!" anapaza sauti. Koni ya plastiki inaanguka. Anaiinua, anaifuta vumbi kwa kiganja na kuirudisha mahali pake.

Wanafunzi humwita Mwalimu Koni. Kwa miaka kumi na minne amefundisha watu zaidi ya mia tisa kuendesha pikipiki, wakapata leseni wakaenda zao. Yeye amebaki akizunguka kiwanja cha mita themanini. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, huja kazini kwa miguu.

Wiki ijayo anaondoka. Kilomita mia saba na themanini, peke yake, kuvuka mpaka, kwenda kwa mama yake mdogo aliyemlea tangu akiwa na miaka miwili, na ambaye hajamtia machoni kwa miaka ishirini na sita.

Mwalimu Koni alikuwa na miaka tisa mama mdogo alipoolewa huko. "Nililia mpaka nikapaliwa," anasimulia. "Nikamwambia nikikua nitamfuata na pikipiki yangu mwenyewe. Akacheka. Basi maisha yakanishika: shule, ndoa, watoto. Kila mwaka nasema mwakani."

Miezi miwili iliyopita simu ililia. Macho ya mama mdogo yanafifia, na daktari amesema huenda yasimalize mwaka.

"Aliniambia, 'Mwanangu, sauti yako ninayo. Sura sina. Niliyo nayo ni ya mtoto mwenye pengo.'" Mwalimu anajifuta macho kwa mkono wa shati, kisha anamfokea muuguzi bila sababu yoyote.

Alinunua pikipiki kongwe ya chuo, ile aliyofundishia miaka yote, akaipeleka gereji. Fundi aliifungua injini akaangua kicheko.

"Gia ya kwanza na ya pili zimelika, hazitamaniki," anasema fundi huyo. "Ya nne na ya tano utasema zimetoka dukani jana. Nikamuuliza, mwalimu, hizi ulikuwa unamwekea nani?"

Ndipo alipokiri kwamba hajawahi kuingiza gia ya tano maishani mwake. Akaanza kujifunza upya, kila Jumapili, kwenye barabara kuu. Mara ya kwanza aligeuza baada ya kilomita sita. Jumapili iliyopita alifika kilomita mia moja na ishirini kabla ya kugeuza.

Mumewe, seremala, anamtengenezea sanduku la mizigo na kuificha hofu yake kwenye utani. "Huko njiani hakuna koni, mama watoto. Ukikosa cha kuzunguka, rudi." Alitaka kumsindikiza, akaulizwa watoto watabaki na nani.

Pasi, kadi ya pikipiki na bima viko tayari kwenye mfuko wa plastiki. Mwajiri amempa ruhusa ya siku kumi bila malipo, na hilo halimsumbui.

Kinachomshughulisha ni saa ya kufika. Siku ya tatu jioni atakuwa amebakiza kilomita thelathini tu. Hapo amepanga kusimama na kulala.

"Mama mdogo huona asubuhi tu, jua likiwa kali. Jioni mimi kwake ni kivuli," anaeleza. "Najua ningefika jioni angenipapasa uso, angenikumbatia, na kesho yake angeniona. Sitaki hivyo. Nitaoga, nitangoja kupambazuke, niingie uani kwake saa nne."

Anaivua filimbi shingoni.

"Mara ya mwisho aliniona nikibaki. Nataka anione nikija."