Supu ya Vichwa vya Antaktika

Wenzangu, tangu Ijumaa sijui uso wangu niuweke wapi. Mimi ni msaidizi wa maabara hapa Sydney, karibu na bandari ya Port Botany. Tunapokea vichwa vya samaki wakubwa wa vilindi vya Antaktika. Bosi wangu, Peter, hutoa kijiwe kilichomo sikioni mwa samaki, akahesabu mistari yake kujua umri. Kutokana na umri huo huamuliwa meli zivue kiasi gani, samaki wasije wakaisha.

Alhamisi nilikuta ndoo ya vichwa mlangoni, mahali petu pa taka. Nikajua vijiwe vimeshatolewa. Roho iliniuma. Kwetu Kisumu kichwa cha samaki hakitupwi. Mama alikichemsha kwa nyanya na bizari, akampakulia mgeni wa heshima, nasi watoto tukagombania sufuria. Sijanusa mchuzi ule tangu tumzike. Basi nikaibeba ndoo hadi nyumbani, mtaa wa Auburn.

Kesho yake nikawaletea wenzangu wa maabara supu na ugali. Walikula kwa mikono, wakalamba vidole! Peter aliomba bakuli la pili, nami, machozi yakinilengalenga, nikawasimulia habari za Mama.

Ghafla Peter akaacha kutafuna. Akatoa kitu mdomoni, akakipangusa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kama afanyavyo kila siku kwa vijiwe vyake.

“Achieng,” akaniuliza polepole, “vile vichwa nilivyoviacha mlangoni viyeyuke barafu, viko wapi?”

Hakuna aliyenisaidia kujibu. Wote walikuwa wanafyonza mifupa.