Nilikwangua alama ya kaka yangu

Kosa ni langu, sitaki mtu anitetee. Naficha jina kwa sababu shemeji yangu bado anaishi pale Kasikeu, na watu wameshamsema vya kutosha.

Mume wake, kaka yangu mkubwa, alikuwa seremala, lakini moyo wake ulikuwa kwa nyuki. Hakufuga kwa biashara, alipenda tu. Alichonga mizinga ya magogo akaitundika kwenye migunga kando ya mto, katika shamba la jirani mmoja wa ukoo wetu. Jirani huyo nitamwita Musembi.

Kwetu hilo si tatizo. Mti ni wa mwenye shamba, mzinga ni wa aliyeutundika, na alama ndiyo inayosema ni nani. Ile ya ukoo huchomwa kwa chuma cha moto, kisha kila mtu anaongeza mkato wake mwenyewe. Wa kaka yangu ulifanana na jino la msumeno.

Alipofariki, mizinga ikawa ya mkewe. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, niko nyumbani bila kazi, nabishana na kila mtu, hata mchungaji. Nikamwambia shemeji nitamtengenezea hifadhidata.

"Hifa nini?"

"Kumbukumbu ndani ya kompyuta. Kila mzinga utapewa namba. Utajua upi una nyuki na upi wamehama."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Haya shem, nyuki wapate kitambulisho kabla ya vijana wa hapa."

Kiangazi kilipokaza na nyuki wakahama, tuliishusha mizinga kuisafisha. Nikaanza kuipaka namba. Rangi haikushika vizuri juu ya kovu la moto. Tena hizo alama zilinikera, kwa sababu ile ya ukoo ilijirudia kila mahali, na mkato mdogo wa kaka yangu niliuona kama urembo tu. Nikachukua randa nikakwangua zote.

Mama alikuwa anapepeta ndengu. "Mwana wakwa, hiyo unaiondoa ya nini?"

"Mama, hii ni ya wakati watu hawakujua kusoma."

"Na siku hizi mnajua."

Akaendelea kupepeta. Nilidhani nimemshinda.

Tukaitundika tena palepale, mvua ikanyesha, nyuki wakarudi. Asali ilipokuwa tayari, shemeji alikwenda mtoni akamkuta Musembi ameshaanza kurina. Alipomuuliza, jamaa alisema mizinga ni yake, ameitundika kwenye miti yake.

Naibu wa chifu akaitwa, mama mmoja asiye na maneno mengi. Nilifika na kompyuta yangu, nikiwa na uhakika kabisa. Nikafungua nikamwonyesha: namba, mti, urefu kutoka chini, maua ya karibu, jina la mwenyewe.

"Hii imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Na wewe ulijuaje ni ya ndugu yako?"

"Kulikuwa na alama."

"Basi nionyeshe alama."

Musembi akacheka. "Huyu kijana wa kompyuta alizimaliza zote. Hata mimi naweza kuandika kwamba ng'ombe wa chifu ni wangu."

Watu wakacheka naye. Miaka yote nimewaambia watu wasiamini maandishi ya mtu anayejitetea, na sasa mtu huyo ni mimi. Picha sikupiga hata moja. Kwenye hifadhidata, nafasi ya urefu kutoka chini niliiweka. Ya alama sikuiweka.

Naibu alisema mizinga ibaki kwa mwenye shamba mpaka tupate ushahidi. Tutautoa wapi?

Tukirudi, shemeji alitembea mbele yangu. Karibu na nyumbani akasimama. "Shem, asali ningenunua sokoni. Nilikuwa naenda pale nashika mahali alipokata kwa kisu chake. Basi."

Aiya, ningeomba anitukane!

Nimechonga mzinga mpya nikampelekea. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema asante. Umelala nyuma ya jiko, na hajauliza nani atautundika.

Ndugu msomaji, kama umesoma na una haraka ya kuwatengenezea watu mambo yao, usiguse kitu kabla hujajua kinafanya kazi gani pale kilipo. Mimi nilihoji kila kitu isipokuwa mkono wangu ulioshika randa. Rangi naweza kuipaka tena kesho. Ule mkato, aliyejua kuukata tumemzika.