Siku Niliyowanywesha Wafadhili Kahawa ya Pilipili

Jamani, chekeni taratibu, maana mpaka leo nikipita sokoni Mapera wapo wanaoniita Mama Pilipili, nami naitika tu, nifanyeje, aibu ile niliipika kwa mikono yangu mwenyewe.

Mnajua mimi ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa, kile kilicholetewa na wafadhili mashine ya kumenya na vichanja vya kuanikia, na (acheni nijisifu kidogo) tulivitunza mpaka afisa ugani wetu, Bwana Masanja, akawa analeta watu wa vijiji vingine waje kujifunza. Sasa siku hiyo wafadhili wenyewe wakaja, mama mmoja wa Kizungu anaitwa Elin pamoja na mwenzake, kuangalia kama tunafaa kuongezewa bomba la maji ya kuoshea kahawa, maana maji tulikuwa tunayafuata bondeni na kuyapandisha mlimani kichwani, shingo zimetuishia.

Mambo yanakwenda vizuri, kitenge changu kipya, hotuba nimeimaliza bila kukosea, mara yule mama akasema kitu, Bwana Masanja akatafsiri: "Mwenyekiti, mgeni anaomba kuonja kahawa yenu."

Ukweli ni kwamba kwetu tunakunywa chai. Kahawa tunailima, tunaimenya, tunaianika, gari linakuja kuichukua ikiwa na ganda lake ikakobolewe kiwandani, basi, hatuonani nayo tena. Lakini wanakikundi wote wananitazama, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Ipo! Nendeni mkaone mashamba, mkirudi mtaikuta ya moto."

Wakaondoka, nami nikatimua mbio (mwenyekiti mzima, viatu mkononi!). Nikachota kahawa kichanjani, kinu changu kimepasuka, nikapitia kwa jirani yangu Mama Osmunda, mwenyewe hayupo, nikabeba kinu chake kilichokuwa nyuma ya jiko. Nikatwanga maganda yakatoka, nikapepeta, nikakaanga juu ya moto mkali mpaka moshi ukanitoa machozi (nikadhani ni moshi!), nikairudisha kinuni ikawa unga, nikaichemsha kama chai na sukari juu. Nikaimimina kwenye vikombe vya Krismasi, nikajiona nimeweza.

Wageni wakarudi, watu wamejaa uani. Mama Elin akapiga funda kubwa. Alibadilika rangi mimi namwona, akashika shingo, akakohoa, machozi yakamtoka, na mwenzake naye, ambaye alishakunywa nusu kikombe kwa heshima, akaanza kwikwi. Watu wakapiga kelele, "Maji! Leteni maji!" Maji gani, na ndoo zote tulikuwa tumezimaliza kuoshea kahawa! Katikati ya vurugu akatokea Mama Osmunda, akainama kwenye kinu, akanusa.

"We Winfrida! Humu si nilitwanga pilipili kichaa jana, za kupeleka sokoni Kitai?"

Uwanja mzima uliangua kicheko, isipokuwa mimi na Bwana Masanja, ambaye nadhani alikuwa anaona bomba letu linavyopotea. Mama Elin akajifuta uso, akauliza jambo kwa sauti ya kukwaruza.

"Anauliza, huwa mnainywa hivi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema, "Mwambie hatuinywi kabisa. Tunaiuza tu."

"Nimwambie hivyo kweli?"

"Mwambie, Bwana Masanja."

Alipotafsiriwa, yule mama akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaashiria jiko. Mama mkwe akaleta kinu chake, kikasuuzwa kwa maji ya moto yaliyotoka kwa majirani, akina mama tukatwanga kwa zamu, na Mama Elin mwenyewe akakaa kwenye kigoda kugeuza kahawa kwa mwiko, moto mdogo, polepole, mpaka harufu ikawatoa watu majumbani.

Kikombe cha kwanza akampa baba mkwe wangu, Mzee Otmar, aliyesomesha watoto wake wote kwa kahawa na hajawahi kuionja. Akanywa. Akanywa tena.

"Kumbe ndiyo hii?" akasema. "Miaka yote nilikuwa nauza kitu kizuri hivi?"

Sikumwangalia tena, nilijua nikimwangalia nitalia mbele ya wageni.

Bomba lilikuja, na sasa siku ya kikao tunakunywa kahawa yetu wenyewe, tena wenzetu wa kijiji cha Kitura wameshatuita tukawafundishe kukaanga. Mimi nimeapa sitampa mgeni kitu ambacho mwenyewe sijakionja kwanza. Ila mkija kwetu msiogope, karibuni sana, chai mtakunywa kwenu.